Mabamba ya Dunia na Ushahidi wa Mwendo Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma na Kanda ya Kati

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya walimu, wanafunzi, mafundi ujenzi na wakazi wa Dodoma, Singida na Manyara, ambao kila ardhi inapotikisika huuliza kulikoni, na mara nyingi hupewa majibu ya haraka yasiyo na maelezo. Tumejitahidi kueleza si tu kile ambacho wanajiolojia wanakiamini, bali pia namna walivyofikia kukiamini, kwa kuwa mtu akiambiwa kwamba bara zima linasogea ana haki ya kuuliza nani alilipima na kwa kifaa gani.

Bamba la dunia ni kitu gani hasa?

Sehemu ya nje ya dunia ni mwamba mgumu na baridi, wenye unene wa wastani wa kilomita 100 hivi, na sehemu hiyo imegawanyika katika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba. Bamba hujumuisha ganda la juu tunalolikanyaga pamoja na kipande cha juu cha tabaka linalofuata, yaani koti la dunia. Mabamba makubwa kabisa huhesabiwa kuwa saba, na mengine madogo yamo katikati yao. Bamba moja laweza kubeba nchi kavu na bahari kwa pamoja: bamba la Afrika haliishii ufukweni Angola, bali linaendelea chini ya maji hadi katikati ya bahari ya Atlantiki.

Kuna kosa moja ambalo limeenea hata darasani, nalo ni kudhani kwamba mabamba yanaelea juu ya bahari ya uji wa moto. Koti la dunia ni mwamba mgumu kwa sehemu yake kubwa mno. Hata hivyo, kwa sababu ya joto na mgandamizo, mwamba huo hujongea polepole sana kwa mamilioni ya miaka. Chukua pande la lami iliyoganda: ukiligonga kwa nyundo litavunjika kama jiwe, lakini ukiliacha juani kwa muda mrefu utalikuta limetandazika lenyewe bila kuguswa na mtu. Mwamba wa chini nao huvunjika unapolazimishwa ghafla, na hutiririka unapopewa muda.

Nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba mabara yanasogea, na kwa nini alipingwa?

Wazo la kwamba Afrika na Amerika Kusini zinafanana kingo ni la kale, lakini aliyelijengea hoja kamili ni Mjerumani Alfred Wegener, ambaye kitaaluma alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Aliitoa hoja yake hadharani mwaka 1912, na mwaka 1915 akaichapisha katika kitabu. Alisema kwamba mabara yote yalikuwa yameungana na kuwa nchi kavu moja, Pangea, kisha yakatengana.

Alipingwa vikali, na ni haki kukiri kwamba wapinzani wake hawakuwa wajinga. Wegener alikuwa na ushahidi mzuri wa matokeo, lakini nguvu alizozitaja kuwa ndizo zinazosukuma mabara zilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo, na wanafizikia walionyesha hivyo kwa hesabu. Alifariki Greenland mwaka 1930 akiwa katika safari ya utafiti, kabla hoja yake haijapata heshima.

Waliobaki wakiitetea ni wachache, na miongoni mwao yupo Mwafrika Kusini Alexander du Toit, aliyekwenda Amerika Kusini mwaka 1923 kulinganisha miamba ya huko na ile aliyokuwa ameichora kwao kwa miaka mingi. Wanajiolojia wa upande huu wa dunia walishawishika mapema kuliko wenzao wa Ulaya na Marekani, na sababu yake ni rahisi: ushahidi walikuwa wakiukanyaga kila siku.

Je, kufanana kwa kingo za mabara hakuwezi kuwa bahati tu?

Kungekuwa kumebaki peke yake, ndiyo, kungeweza kuwa bahati. Umbo la pwani ni ushahidi dhaifu kwa sababu pwani hubadilika kila bahari inapopanda au kushuka. Mwaka 1965 Edward Bullard na wenzake walitumia kompyuta kulinganisha, badala ya pwani, mahali ambapo bara huishia kwa kweli chini ya maji, na wakakuta kwamba Afrika na Amerika Kusini huingiana kwa mapengo madogo tu.

Lakini uzito uko katika vilivyomo ndani ya miamba. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa ndani ya miamba, vya Mesosaurus, mnyama mdogo wa jamii ya reptilia aliyeishi majini karibu na nchi kavu, hupatikana kusini mwa Afrika na mashariki mwa Amerika Kusini, na hakuna ushahidi kwamba aliweza kuvuka bahari kuu. Mmea wa kale uitwao Glossopteris umeacha alama za majani yake Afrika, India, Australia, Amerika Kusini na hata Antaktiki. Makaa ya mawe ya kusini mwa Tanzania, katika bonde la Ruhuhu, yanatokana na mimea ya kipindi hicho hicho. Zaidi ya hapo, kusini mwa Afrika kuna miamba iliyokwanguliwa na barafu ya zamani, na mikwaruzo yake, ukiifuatilia kwenye ramani ya leo, huonekana kana kwamba barafu ilipanda nchi kavu ikitokea baharini, jambo lisilowezekana. Yarudishe mabara mahali yalipokuwa, na mikwaruzo hiyo inakuwa na maana mara moja.

Pwani yetu nayo ina habari yake. Madagaska ilikuwa imeshikamana na Afrika Mashariki, ikianza kujitenga miaka milioni 165 hivi iliyopita na kuteleza kuelekea kusini hadi ilipo sasa.

Ni ushahidi upi uliomaliza ubishi?

Ushahidi wa sakafu ya bahari, na hapa ndipo tunapomwomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu hii ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Katika miaka ya 1950, Mmarekani Marie Tharp alichora ramani ya sakafu ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina vilivyoletwa na meli. Aliona safu ndefu ya milima katikati ya bahari na, kufuata kilele chake, bonde lililopasuka. Mwenzake Bruce Heezen hakukubali mwanzoni. Kisha mahali yalipotokea matetemeko ya ardhi palipowekwa kwenye ramani ile ile, vituo vyake vilijipanga ndani ya lile bonde. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ndilo lililowasaidia kutambua walichokuwa wakikitazama, kwani lilikuwa na umbo hilo hilo na matetemeko hayo hayo, ila kwenye nchi kavu.

Mwaka 1962 Harry Hess alipendekeza kwamba katika safu hizo za milima ya baharini sakafu mpya huzaliwa: mwamba ulioyeyuka hupanda, huganda, kisha husukumwa pande zote mbili. Lilikuwa pendekezo zuri, lakini bado halikuwa na kipimo. Kipimo kilikuja kutoka kwenye sumaku.

Lava inapopoa, chembe za madini ya chuma zilizomo ndani yake hujipanga kufuata usumaku wa dunia na kubaki hivyo. Ilikuwa inajulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba baadhi ya miamba imehifadhi usumaku uliogeuka, yaani ule ambao ungeifanya dira ya leo ielekee kusini. Usumaku wa dunia umegeuka mara nyingi, na mara ya mwisho ilikuwa miaka 780,000 hivi iliyopita. Meli zilizovuta vifaa vya kupimia sumaku zilikuta sakafu ya bahari ina mistari, mmoja wa usumaku wa kawaida, unaofuata wa uliogeuka, na kuendelea. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wa Cambridge, na kwa upande wake Lawrence Morley wa Kanada, walisema: ikiwa Hess yuko sahihi, mistari hiyo lazima ilingane kushoto na kulia kwa safu ya milima, na upana wa kila mstari lazima uendane na muda wa kila kipindi cha usumaku.

Utabiri huo uliweza kupimwa, kwa sharti kwamba tarehe za kugeuka kwa usumaku zijulikane kutoka mahali pengine. Nazo zilipatikana kutoka lava za nchi kavu, ambazo umri wake hupimwa kwa kiasi cha potasiamu kilichogeuka kuwa agoni. Moja ya tarehe hizo ni ya Tanzania. Katika Bonde la Olduvai, ambalo wengi wetu hulijua kwa mabaki ya binadamu wa kale tu, kuna lava iliyohifadhi usumaku wa kawaida ndani ya kipindi kirefu cha usumaku uliogeuka, na kipindi hicho kifupi, kati ya miaka milioni 1.95 na milioni 1.78 iliyopita, kinaitwa Olduvai duniani kote. Mstari wake umeonekana chini ya bahari, pande zote mbili za safu za milima, umbali ule uliotarajiwa. Katikati ya miaka ya 1960 vipimo vya meli ya Eltanin kusini mwa Pasifiki vilionyesha ulinganifu mzuri kiasi kwamba waliokuwa na shaka wengi waliiacha.

Kuanzia mwaka 1968 meli ya Glomar Challenger ilitoboa sakafu yenyewe. Kadiri walivyotoboa mbali na safu ya milima, ndivyo matope ya chini kabisa yalivyokuwa ya zamani zaidi.

Tunaomba mwalimu atakayefundisha somo hili alikazie jambo moja. Mchora ramani, wapima sumaku, wapima umri wa lava za Olduvai na watoboaji walikuwa watu tofauti wenye kazi tofauti, na vipimo vyao vingeweza kupingana kwa urahisi kabisa. Havikupingana.

Kama sakafu mpya huzaliwa kila siku, mbona dunia haipanuki?

Kwa sababu kwingineko sakafu ya zamani huzama na kurudi chini, kama inavyotokea Japani, Chile na Indonesia. Matetemeko ya sehemu hizo hushuka kwa mteremko hadi kina cha kilomita 700 hivi, yakifuata bamba linalozama. Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, lililosababisha tsunami iliyoua watu hadi kwenye fukwe za Dar es Salaam, lilitokea mahali pa namna hiyo.

Ndiyo maana, ukiondoa mabaki machache, sakafu ya bahari haina mwamba wenye umri unaozidi miaka milioni 200 hivi, ilhali vilima vya graniti vinavyouzunguka mji wa Dodoma vina zaidi ya miaka milioni 2,500. Bahari husasishwa, moyo wa bara hubaki.

Je, mwendo huu umewahi kupimwa moja kwa moja?

Umepimwa, na hupimwa kila siku. Vituo vya GPS vilivyofungwa imara kwenye mwamba hurekodi mahali vilipo kwa usahihi wa milimita, na darubini za redio, ikiwemo ya Hartebeesthoek nchini Afrika Kusini, hufanya kazi hiyo kwa kupokea mawimbi kutoka mbali sana angani. Atlantiki hupanuka kwa sentimita 2 hadi 4 kwa mwaka, na sehemu zenye kasi zaidi katika Pasifiki hufikia sentimita 15 hivi. Kinachopaswa kumsimamisha msomaji ni kwamba kasi zinazopimwa na setilaiti kwa miaka michache hukaribiana sana na zile zilizokokotolewa kutoka mistari ya sumaku ya mamilioni ya miaka.

Afrika Mashariki kunatokea nini?

Bara letu linatanuka. Upande wa magharibi ni bamba la Nubia na upande wa mashariki ni bamba la Somalia, na yanaachana kwa milimita 6 hadi 7 kwa mwaka kule Ethiopia, na kwa kasi ndogo zaidi kadiri unavyokuja kusini. Ufa huo ulipofika kwetu ulikutana na kizuizi, nacho ni kratoni ya Tanzania: bonge la mwamba wa kale sana, nene na baridi, linaloanzia maeneo ya Dodoma na kwenda magharibi na kaskazini hadi Ziwa Victoria. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, ni shahidi wa unene huo, kwa kuwa almasi huumbika kwenye kina cha kilomita 150 na zaidi, ndani ya mizizi ya miamba ya namna hii.

Ufa haukuipasua kratoni, bali uliizunguka. Tawi la magharibi lilitengeneza mabonde ya Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na sakafu yake iko chini kuliko usawa wa bahari kwa mamia ya mita. Tawi la mashariki lilishuka kupitia Natron, Eyasi na Manyara. Kipande kilichobaki katikati huitwa bamba dogo la Victoria, na vipimo vya GPS vinaonyesha kwamba linazunguka polepole kinyume na mwendo wa saa.

Je, Dodoma nayo imo ndani ya Bonde la Ufa?

Ndiyo, ingawa ufa wa hapa hauna kina wala volkano kama wa Arusha. Tawi la mashariki linapoingia kanda ya kati hupoteza sura yake, kwa sababu linajaribu kukata mwamba mgumu wa kale, na badala ya bonde moja wazi hutawanyika katika mipasuko mingi midogo inayopita Kondoa, vilima vya Chenene, Bahi na Dodoma yenyewe.

Atakaye kuuona ufa kwa macho yake asafiri kwa barabara au reli kutoka Dodoma kwenda Manyoni. Akifika Bahi atakuta uwanda wa chini, tambarare kabisa, unaotuamisha maji ya mvua na kulimwa mpunga katikati ya mkoa unaojulikana kwa ukame. Maji hayo hukaa hapo kwa sababu ardhi imeshuka. Akipita Kintinku, mbele yake husimama ukuta wa mawe na vichaka ulionyooka kuelekea kaskazini na kusini, na chombo huanza kuupanda. Akiwa Saranda, atazame nyuma: uwanda wote wa Bahi uko chini yake. Ukuta ule ni uso wa mpasuko, upande mmoja ulibaki juu na mwingine ulididimia, na kila tetemeko liliutengeneza kidogo kidogo. Michoro ya miambani ya Kondoa nayo, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imo katika mapango ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Kwa nini Dodoma hutetemeka mara kwa mara, na je, hatari ni kubwa kiasi gani?

Hutetemeka kwa sababu mipasuko tuliyoitaja bado iko hai. Mvutano hujikusanya polepole hadi mwamba unaposhindwa kuvumilia, kisha pande mbili huteleza kwa sekunde chache. Mvua, joto wala kiangazi havihusiki. Kondoa, Bahi na Dodoma zimeshuhudia matetemeko ya wastani, likiwemo la Novemba 2002 lililoutikisa mji.

Wapo wanaosema kwamba Tanzania haina matetemeko makubwa, na kauli hiyo si kweli. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa barani Afrika. La Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005 lilifikia 6.8. Julai 2007 mwamba ulioyeyuka ulijipenyeza chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, ukafuatana na matetemeko mengi yaliyosikika hadi Nairobi. La Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9 tu, liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba Bukoba na jirani zake. Ukubwa wa tetemeko si kitu pekee kinachoamua madhara. Nyumba zenyewe huamua pia.

Maporomoko ya Hanang ya mwaka 2023 yalikuwa mlipuko wa volkano?

Hapana. Hanang ni volkano ya kale, na kuwepo kwake kunatokana na Bonde la Ufa, lakini kilichoishukia Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua makumi ya watu ni tope, mawe na magogo kutoka sehemu ya mlima iliyolowana na kumeguka baada ya mvua kubwa. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu uvumi wa mlipuko ulienea haraka, na watu waliofiwa walistahili maelezo ya kweli.

Afrika itapasuka lini, nasi tutaliona?

Hakuna atakayeliona. Kwa kasi ya milimita 3 kwa mwaka, ardhi hutanuka kwa kilomita 3 katika miaka 1,000,000, na bahari kama ya Shamu huhitaji mamilioni mengi ya miaka kufunguka. Si lazima hata ufa ufike mwisho. Dunia ina mabonde ya ufa yaliyokwama njiani. Korongo lililotokea karibu na Mai Mahiu nchini Kenya mwaka 2018, ambalo picha zake zilizungushwa kama dalili ya bara kukatika, wanajiolojia wengi walilieleza kuwa ni kazi ya mvua kubwa katika udongo laini wa majivu ya volkano.

Chemchemi za maji moto na gesi ya heliamu vinahusiana na haya?

Vinahusiana. Urani na thoriamu zilizomo katika miamba ya kratoni zimekuwa zikitoa heliamu kwa mabilioni ya miaka. Joto la ufa huifungua gesi hiyo, na mipasuko huipa njia ya kupanda pamoja na maji moto. Ugunduzi wa Rukwa uliotangazwa mwaka 2016 ulitokana na kuelewa mwenendo huu.

Tetemeko linaweza kutabiriwa?

Siku na saa, hapana, na yeyote anayetangaza tarehe asiaminiwe. Kinachowezekana ni kujua maeneo yenye mipasuko hai na kujenga kwa kuzingatia hilo. Dodoma inajengwa kwa kasi tangu serikali ilipohamia, na nyumba nyingi zinapandishwa kwa tofali za saruji zilizofyatuliwa haraka na kuuzwa kabla hazijamwagiwa maji siku za kutosha. Mwenye kujenga amwombe fundi afunge mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka nyumba nzima kwenye usawa wa linta, asiukate juu ya madirisha; aziunganishe kuta kwenye pembe kwa kupishanisha tofali; na asiweke mzigo mzito wa paa juu ya ukuta usio na nguzo. Kwa jengo la ghorofa, ramani ya mipasuko ya eneo iulizwe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma, kabla msingi haujachimbwa.